Hati ya Umaskini ya Mheshimiwa Mbelembele

Nchi ya Tulivuni haimo kwenye ramani, na wenyewe hawalalamiki, kwa sababu nchi isiyo kwenye ramani haiulizwi maswali. Ni nchi njema sana. Mvua yake hunyesha kwa kibali, magazeti yake huandika yale tu yaliyokwisha kutokea katika hotuba, na umaskini wake ulikwisha mwaka ule Baba wa Utulivu, rais wa nchi hiyo, aliposema redioni kwamba umekwisha. Waliolala na njaa baada ya tangazo hilo walihesabiwa kuwa watu wabishi.

Mmoja wa wabishi hao alikuwa Skolastika, mjane wa Kilima Mawe, wilaya ya Chekelea. Kazi yake ilikuwa kupasua kokoto. Kila asubuhi aliketi chini, akanyoosha miguu, akaweka jiwe katikati na kuligonga kwa nyundo mpaka likawa vipande vya ukubwa wa kidole gumba, kisha akachukua jingine. Jioni lori lilikuja kuzoa kokoto, likaenda kujenga maghorofa ya watu ambao umaskini wao ulikuwa umekwisha kweli.

Wanawake wa machimbo hayo walikuwa na desturi yao. Siku binti anaposhika nyundo kwa mara ya kwanza, mama yake humwambia: unapogonga, fumba jicho moja. Kipande kikiruka kitachukua lile lililo wazi, nawe utabaki na la kukuonyesha njia ya nyumbani. Skolastika aliambiwa hivyo na marehemu mama yake, akalifumba la kulia miaka tisa, hadi siku kipande kilipoingia katika la kushoto. Desturi ilimfaa. Alirudi nyumbani bila kushikwa mkono, akapika, na baada ya wiki mbili alikuwa kazini.

Jicho lake hakulililia sana. Lililomkaa rohoni lilikuwa jambo jingine. Binti yake Eufrasia alifukuzwa shule kwa kukosa ada, na Jumatatu moja alikuja machimboni, akaketi kando ya mama yake, akanyoosha miguu na kuokota nyundo. Skolastika akamwambia lile neno la desturi.

"Jicho lipi, mama?" Eufrasia aliuliza.

Ni swali dogo, na akina mama wote wa Kilima Mawe walikuwa wamelijibu bila shida. Yeye alimtazama binti yake usoni, akatazama la kulia, akatazama la kushoto, akajitia kukohoa kwa vumbi, akaenda kunywa maji. Tangu siku hiyo alikuwa na dua moja tu: ipatikane mashine ya kuponda mawe, na ipatikane kabla jiwe halijachagua lenyewe.

* * *

Dua ilijibiwa Kwaresima ile, au ndivyo ilivyoonekana. Padre Gaudensi, paroko wa Chekelea, alisoma kanisani barua ya maaskofu. Mwaka uliotangulia waumini wa nchi nzima walikuwa wamejinyima nyama na soda, wakatia walichojinyima katika bahasha za Kwaresima, na sasa fedha hizo zingepewa vikundi vya maskini wanaotaka kujikwamua. Sharti lilikuwa moja, nalo lilipigiwa mstari: kikundi kiongozwe na maskini wenyewe. Mtu mwenye nacho anaruhusiwa kusaidia kupanga viti.

Wanawake kumi na mmoja wa machimbo, ambao wote walikuwa wa jumuiya moja, Jumuiya Ndogo Ndogo ya Mtakatifu Monika, walikutana Alhamisi kama kawaida, wakasali, wakasoma Injili, kisha wakamwagiza Eufrasia, mdogo kuliko wote, aandike kwa mwandiko wake wa shule. Aliandika hivi: "Sisi tunaopasua mawe kwa nyundo, mikono yetu imeota sugu, tuko kumi na mmoja na macho tuliyo nayo ni kumi na saba. Tunaomba mashine ya kuponda mawe. Tuko tayari kuonekana tukiwa kazini siku yoyote."

Walimpelekea Padre Gaudensi. Padre alikuwa mtu mpole, na kwa upole huo alikuwa na mazoea ya kupeleka kila barua kwa Mkuu wa Wilaya ili aitolee maoni. Halafu Mkuu wa Wilaya naye alikuwa na mazoea ya kumwalika Padre pilau kila Noeli. Hakuna aliyeona uhusiano wowote kati ya mazoea haya mawili.

* * *

Mkuu wa Wilaya ya Chekelea alikuwa Mheshimiwa Faustini Mbelembele. Hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya huiba gizani, naye kazi zake zote alizifanya saa za ofisi, mbele ya karani wake Ladislaus, akiwa amevaa tai.

"Ladislaus," alisema baada ya kuisoma ile barua, "fedha zinataka kuingia wilayani kwangu bila kupita kwangu. Hata senene hupita kwangu."

"Mheshimiwa, sharti la maaskofu ni kwamba maskini waongoze."

"Vizuri. Na nani mwenye mamlaka ya kusema huyu ni maskini na huyu siye?"

Ladislaus alifikiri. "Serikali, Mheshimiwa."

"Basi."

Kesho yake wananchi waliitwa uwanjani wakahutubiwa kwa kipaza sauti. "Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa, "umaskini ni jambo zito mno kuachwa mikononi mwa maskini. Wamekuwa nao miaka yote hii, na wameufanyia nini? Kuanzia leo, hakuna ruhusa mtu kuwa maskini kiholela. Atakayetaka kuwa maskini atafanyiwa usaili, akifaulu atapewa Hati ya Umaskini, yenye picha na muhuri, itakayodumu miaka kumi. Na yeyote atakayejifanya maskini, hali si maskini, ili apate fedha za Kanisa, atafungwa miaka saba."

Kifungu hicho cha mwisho alikisoma mara mbili huku akiwatazama wanawake wa Kilima Mawe. Alijivunia sana, kwa kuwa alikitunga mwenyewe.

* * *

Skolastika alipanga foleni siku mbili. Usaili ulifanywa na Ladislaus, mbele ya fomu yenye kurasa tisa. Mwombaji alitakiwa kuleta kitabu cha benki kuthibitisha kwamba hana fedha benki, hatimiliki ya shamba kuthibitisha kwamba hana shamba, na barua ya mwajiri kuthibitisha kwamba hana mwajiri.

"Una nyundo?" Ladislaus aliuliza.

"Ninayo."

"Hiyo ni zana ya uzalishaji." Akaandika. "Una macho mangapi?"

"Moja."

"Linaona?"

"Linaona."

"Na kazi yako inahitaji mangapi kwa wakati mmoja?"

"Moja," alisema.

"Kwa hiyo hujapungukiwa." Ladislaus akagonga muhuri mwekundu: SI MASKINI. Hakufanya kwa chuki. Alikuwa na watu sitini nyuma ya huyo, na chai yake ilikuwa inapoa.

Wote kumi na mmoja walishindwa. Bi Bibiana, mzee kuliko wote, ambaye hakuwa na jicho hata moja na alipasua kokoto kwa kupapasa, aliambiwa kwamba kwa kuwa hauoni umaskini wake, hawezi kuushuhudia. Jioni ile walirudi kilimani. Skolastika hakulia. Alikuwa na hasira, tena hasira kali, lakini aliifunga kwenye pindo la kanga, pale anapofunga hela ya chumvi, akaihifadhi mpaka itakapohitajika.

Mheshimiwa alifaulu kwa alama za juu. Ilibainika kwamba nyumba anayokaa ni ya serikali, gari ni la serikali, duka ni la mkewe Bi Leokadia, na shamba ni la shemeji. Ladislaus alipomaliza kujumlisha alikuta kwamba Mheshimiwa hana chochote hapa duniani isipokuwa wajibu. Alipewa Hati namba moja. Ladislaus alijipa namba mbili. Wakuu wa idara tisa wakachukua zilizofuata, na hao kumi na mmoja wakawa Kamati ya Maskini Wateule.

Ilibaki kuandika maombi. Ladislaus alikuwa na barua ya wanawake mezani, imeandikwa vizuri, na katika maisha yake yote ya ukarani hakuwahi kutunga barua mpya palipo na ya zamani. Aliinakili neno kwa neno, akabadili majina tu. Hakuna mwanakamati aliyeisoma kabla ya kutia sahihi. Katika Tulivuni barua ni ya kutiwa sahihi, na kusoma ni kazi ya anayepelekewa.

Habari zilifika ikulu. Baba wa Utulivu alitoa salamu redioni, baada ya taarifa ya saa mbili. Alisema amefarijika kusikia kwamba wilaya ya Chekelea inaongozwa na maskini wa kweli mwenye hati, na kwamba huo ni mfano wa unyenyekevu ambao taifa zima litaufuatilia kwa karibu. Mheshimiwa alisikiliza amesimama, machozi yakimlengalenga.

* * *

Kisha ikaja barua kutoka kwa maaskofu. Mkaguzi wa mfuko, Sista Kandida, angefika Jumapili ya nne ya Kwaresima kusali na maskini na kuona wanavyoishi. Barua ilikuwa na sentensi nyingine chini, kuhusu siku ya Jumatatu, lakini Mheshimiwa aliishia hapo kwenye "wanavyoishi". Aliitazama sebule yake. Makochi ya velveti. Friji la milango miwili. Televisheni pana kama mlango. Uani jenereta, kuku wa kisasa, na mbuzi wa maziwa aliyekuwa na banda la bati bora kuliko nyumba nyingi za Kilima Mawe.

"Sista akiona haya, ni miaka saba," alisema Bi Leokadia.

Mheshimiwa aliwaza, na usiitilie shaka akili yake, wazo alilolipata lilikuwa zuri. Alikuwa ameshawaandikia maaskofu kwamba wapasua kokoto si maskini. Sasa vitu hivi vikihamia Kilima Mawe kwa siku chache, Sista angewakuta wanawake wale wamezama kwenye makochi, na Mkuu wa Wilaya amekaa kwenye ndoo. Kila mtu angeonekana alivyoandikwa.

Ijumaa lori lilipanda kilimani, na Mheshimiwa nyuma yake. Wanawake walisimama na nyundo mikononi wakaangalia friji likishushwa mahali ambapo nguzo ya umeme haijawahi kufika.

"Akina mama," alisema Mheshimiwa, "serikali imewakumbuka. Mtakaa na vitu hivi hadi Jumanne. Sista akiuliza, mtasema ni vyenu."

"Na tukikataa?" aliuliza Bi Bibiana.

"Machimbo haya yana leseni?"

Hayakuwa nayo. Bi Bibiana alitema mate pembeni. Wengine walimgeukia Skolastika, ambaye alikuwa mwenyekiti wa jumuiya. Skolastika alilitazama kochi, akamtazama Mheshimiwa, na pale pale, kimyakimya, akalifungua lile pindo la kanga.

"Mheshimiwa, tutakaa navyo," alisema kwa unyonge. "Ila sisi ni watu wa mawe, hatukusoma. Kumdanganya sista, tena Kwaresima, ulimi utakwama. Akiuliza kochi hili ni la nani, nitaanza kutetemeka, na nikitetemeka nitasema kweli. Pangekuwa na karatasi, ningemwonyesha karatasi, ningenyamaza."

Mheshimiwa alimgeukia Ladislaus. "Unaona? Hata hawa wanajua umuhimu wa karatasi."

Ladislaus aliweka fomu juu ya friji na kuandika kwamba vitu vilivyotajwa ni mali ya Skolastika na wenzake kumi. Vilivyotajwa vilikuwa vyote, mpaka kuku mmoja mmoja. Halafu mkono wake, kwa mazoea ya miaka ishirini, ukaongeza maneno yanayofungia kila hati ya serikali ya Tulivuni: "na mtoaji hana dai lolote, leo wala siku zijazo." Mheshimiwa alitia sahihi. Muhuri ukagongwa mara tatu, kwenye kila kona isiyokuwa na maandishi.

"Jumanne tutakuja kuchukua," alisema Mheshimiwa.

"Mje," alisema Skolastika. "Kwetu hakuna komeo."

* * *

Jumapili ya nne ya Kwaresima, katika parokia ya Chekelea, ni siku ya kutoa vitu. Watu huleta walicho nacho, jogoo, mkungu wa ndizi, debe la mahindi, hupelekwa mbele kwa maandamano wakati wa matoleo, na baada ya misa hunadiwa nje. Mheshimiwa alilijua hilo. Alikuwa anatoa papai kila mwaka, na picha ilipigwa.

Safari hii alikaa benchi la mbele bila viatu, katika shati aliloazima kwa mkata majani wake. Bi Leokadia alijitanda kitenge kilichochanika, ambacho alikichana mwenyewe asubuhi ile kwa mkasi. Sista Kandida, mwanamke mfupi mwenye kandambili na daftari, aliwasalimia.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," walijibu maskini kumi na mmoja, kwa sauti ya watu walioshiba.

Baada ya mahubiri, Sista aliomba mwenyekiti wa kamati asimame mbele ya altare aeleze hali yake kwa ufupi. Mheshimiwa hakuwahi kueleza jambo kwa ufupi. "Mbele ya Mungu, mbele ya Baba wa Utulivu ambaye pia yuko kila mahali, na mbele yenu waumini," alisema, "mimi sina kitu. Sina kochi, sina friji, sina kuku wala mbuzi. Mtu yeyote akiona kitu popote akadhani ni changu, basi macho yake yamemdanganya. Naapa." Akabusu Injili. Mwandishi wa redio ya taifa, aliyetumwa kufuatilia kwa karibu, alinasa kila neno.

Ndipo kwaya ikaanzisha wimbo wa matoleo. Kwaresima ngoma hazipigwi katika parokia ile, kwa hiyo kilichosikika ni wimbo wa taratibu na miguu ikisugua sakafu. Waumini waligeuka. Mlangoni alikuwa anaingia Bi Bibiana, amemshika mbuzi wa maziwa kwa kamba, au mbuzi amemshika yeye. Nyuma yake kochi la velveti lilikuwa linakuja juu ya vichwa vinne, likiyumba kushoto, likiyumba kulia, kwa kufuata wimbo. Likafuata kochi la pili. Likafuata friji, limebebwa kama maiti ya mtu mkubwa. Televisheni. Jenereta. Kuku wa kisasa, mmoja kwapani mwa kila mtoto wa komunyo ya kwanza. Mwisho kabisa, Skolastika na Eufrasia na sufuria za Bi Leokadia.

"Baba Devota," Bi Leokadia alimnong'oneza mumewe, "kochi langu hilo."

"Nyamaza."

"Sufuria zangu za harusi."

"Miaka saba, mama Devota. Nyamaza."

Padre Gaudensi alisimama mbele ya altare kuyapokea matoleo. Kochi lile alilifahamu. Alikuwa amelikalia Noeli sita mfululizo. Alimtazama Mheshimiwa, akamtazama Skolastika, na kwa mara ya kwanza katika upadre wake hakuomba maoni ya mtu. Alichovya kinyunyizio katika maji ya baraka na kulinyunyizia velveti, mkono wa kulia na mkono wa kushoto, bila haraka.

Nje, katekista alinadi. Watu walikuwa wamekuja hata kutoka wilaya jirani, maana habari za Kilima Mawe hazikuhitaji redio. Wachuuzi waligombea jenereta. Friji lilipofikia bei nzuri Ladislaus alishindwa kuvumilia, akanyoosha mkono.

"Ndugu," Sista Kandida alimwambia kwa upole, "wewe si Hati namba mbili?"

Ule mkono ulishuka ukajikuna kichwani. Mpaka saa saba mchana sebule yote ya Mkuu wa Wilaya ilikuwa imeondoka Chekelea juu ya mikokoteni, na sufuria za harusi zilikwenda na mama ntilie wa stendi. Fedha zilikabidhiwa jumuiya ya Mtakatifu Monika mbele ya watu wote.

"Mmetoa kila kitu," Sista alimwambia Skolastika. "Hamkubakiza hata kiti?"

"Hatukuzoea kukaa juu, Sista."

"Na vilikuwa vyenu?"

Skolastika alimpa karatasi. Hakutetemeka. Sista aliisoma mara tatu, akaangalia mihuri, akaikunja na kuitia katika kitabu chake cha sala. Kisha alimpa mgongo akatazama ukuta wa kanisa kwa muda, na Skolastika aliona mabega yake yanatikisika.

* * *

Jumatatu Sista alikuja ofisini kwa Mheshimiwa, kamati nzima na mwandishi wa redio wakiwapo, akasoma ile sentensi ya chini. "Na siku ya Jumatatu mkaguzi atawaona maskini wakiwa kazini, kama wenyewe walivyoomba."

"Kazi gani?" Mheshimiwa aliuliza.

Sista alifungua barua yenye sahihi zao. "Sisi tunaopasua mawe kwa nyundo, mikono yetu imeota sugu, tuko kumi na mmoja na macho tuliyo nayo ni kumi na saba." Aliinua kichwa akaihesabu kamati, akielekeza kalamu. "Naona ishirini na mawili."

"Ni kosa la mashine ya kuchapa, Sista," alisema Ladislaus.

"Imeandikwa kwa mkono."

Mwandishi wa redio alisogeza kinasa sauti.

"Mimi nahukumu kwa karatasi, kama ninyi," alisema Sista. "Karatasi zinasema kuna vikundi viwili vya wapasua kokoto. Wale wanawake waliandika barua hii kwanza, tarehe iko kwa Padre, na ndio kumi na mmoja waliotoa hata kiti cha mwisho. Mfuko utaongezea fedha zao za mnada, watapata mashine. Ninyi nanyi ni maskini, mna hati na mmeapa kanisani. Kanisa halimfukuzi maskini anayeomba kazi. Mashine ikifika, wanawake wataacha nyundo kumi na moja. Mtapewa. Kama kuna asiyekuwa maskini aseme sasa, nimwandikie mkuu wa polisi, maana sheria ninyi mnaijua kuliko mimi."

Hakuna aliyesema.

Mheshimiwa hakukata tamaa mara moja. Alipeleka ombi makao makuu ili Hati namba moja ifutwe. Alijibiwa kwa heshima kwamba fomu za kuingia katika umaskini zipo, lakini fomu ya kutoka haijawahi kuchapishwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuihitaji. Na Baba wa Utulivu, akiwa amesikia kiapo redioni mara tano, hakutaka shughuli za ofisi zimsumbue maskini wake wa mfano. Alimpeleka Chekelea Mkuu mpya wa Wilaya, ili Mheshimiwa apate nafasi ya kuwa maskini sawasawa. Mkuu mpya alihitaji ile nyumba jioni hiyo hiyo.

Mashine ilifika Jumatatu ya Pasaka, imepambwa matawi, wanawake wakiwa wameikalia kama wamepanda ng'ombe. Ilikuwa na kelele mbaya na moshi mweusi, na Eufrasia alisema hajawahi kuona kitu kizuri namna ile. Ada yake ilikwisha kulipwa. Kesho yake angerudi shule, na macho yake yote mawili.

Kamati ilikuwa imeshapangwa chini, kumi na mmoja kwa mstari, miguu imenyooshwa, jiwe kati ya magoti ya kila mmoja. Mwandishi wa redio aliwaomba watabasamu, ingawa kwa redio haikuwa lazima. Wanawake walipita wakigawa nyundo, mpini wa kila moja umeliwa na mikono. Eufrasia alimpa ya kwake Mheshimiwa. Alimpa kwa mikono miwili, kama inavyompasa mtoto mwenye adabu.

Skolastika alichutama mbele ya Mheshimiwa. Angeweza kumtukana, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikuwa ameyapanga matusi wiki nne nzima, yenye mpangilio na vituo. Lakini desturi ni desturi, na huyu ilikuwa siku yake ya kwanza.

"Unapogonga," alimwambia, "fumba jicho moja. Kipande kikiruka, utabaki na jingine."

Mheshimiwa aliinua nyundo. Alimtazama Skolastika, na pengine ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni, akaona pale palipokuwa na jicho.

"Lipi?" aliuliza.

"Lile unalolipenda," alisema Skolastika, akaenda kuwasha mashine.